Zawadi Isiyomwaibisha Mtoto



Noeli inakaribia, nayo katika nyumba nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega haiji wakati wa neema. Pamba huuzwa katikati ya mwaka, na ifikapo Desemba fedha yake imekwisha kutumika. Desemba ni mwezi wa jembe: mbegu zi ardhini, na ghala linapungua. Kisha Januari shule hufunguliwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 wanafunzi wa shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hawalipi ada. Lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa. Basi tukisema juu ya zawadi kwa watoto wa maskini, hatusemi juu ya anasa.

Kanisa limelibeba jambo hili tangu zamani. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume twasoma kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuufuta mgawo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wausimamie. Hapo twajifunza kwamba upendo wahitaji utaratibu, na utaratibu wahitaji watu waaminifu.

Katika karne ya nne aliishi Mtakatifu Nikolaus, askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki. Mapokeo yasimulia habari za baba mmoja aliyefilisika, mwenye binti watatu. Kwa desturi ya huko mahari ilitoka kwa baba wa binti, si kama kwetu Usukumani, ambako ng'ombe hutoka kwa mume. Kwa kukosa mahari, binti wale walikuwa katika hatari ya kuuzwa katika uovu. Nikolaus alikwenda usiku, akatupa dhahabu dirishani, akaondoka. Kwa nini usiku? Kwa sababu alitaka kuiokoa nyumba ile pamoja na heshima yake. Kulipokucha, yule baba aliweza kuwaoza binti zake kama baba yeyote mwingine.

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi, kwa ajili ya watoto wenzao wa China walioachwa na kukosa msaada. Mwaka 1922 Papa Pius XI alilifanya kuwa shirika la kipapa, na leo watoto wetu maparokiani wamo humo. Askofu yule alitambua kwamba mtoto naye aweza kutoa. Mtoto wa maskini asifundishwe kunyosha mkono tu. Naye ana sala, ana nguvu za kumtekea maji bibi mgonjwa wa jirani.

Ndugu makatekista, tangu maaskofu wa AMECEA walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele mwaka 1976, tunacho chombo kinachofaa. Jumuiya yajua ni moshi wa jiko lipi haukuonekana jana. Basi ichague watu wawili au watatu waaminifu. Waandike majina ya watoto, bila kuuliza kama wamebatizwa. Njaa haina dini. Majina hayo yasisomwe kanisani, wala watoto wasipangwe mstari mbele ya waamini ili wapigwe picha pamoja na wafadhili. Mtoto aliyepewa daftari mbele ya watu mia atalisahau daftari, lakini ile aibu hataisahau.

Zawadi ipelekwe jioni kwa mzazi au mlezi, naye amkabidhi mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Hivyo mtoto atapata nguo, na baba atabaki kuwa baba machoni pa mwanawe.

Mwana wa Mungu alizaliwa usiku, katika nyumba ya watu wasio na mali. Mamajusi walipofika walimsujudia kwanza, ndipo wakafungua hazina zao. Nasi tufuate utaratibu huo: heshima itangulie, zawadi ifuate.

Tumsifu Yesu Kristo.