Mfamasia alipopanda ghorofa ya tisa

Mwaka 1952 Chama cha Wafamasia cha Marekani kilipitisha kanuni za maadili ambazo leo zinashangaza. Zilimzuia mfamasia kumweleza mgonjwa dawa aliyoandikiwa imetengenezwa kwa nini na inafanya kazi gani mwilini. Mgonjwa akiuliza, arudishwe kwa daktari wake. Mtu aliyetumia miaka chuoni akisoma dawa na kemia yake alitakiwa kuhesabu vidonge, kubandika lebo na kunyamaza.

Ukimya huo ulikuwa na asili ya mbali. Katika karne ya 13 Mfalme Frederick wa Pili wa Sicily alitoa amri iliyotenganisha kazi ya tabibu na ya mtengeneza dawa, na kuwakataza matabibu kushirikiana kibiashara na wauza dawa. Amri ilikuwa na busara, kwani anayeandika dawa akiwa pia ndiye anayeiuza, mgonjwa yuko hatarini kununua asichokihitaji. Kwa mamia ya miaka mgawanyo huo haukumpunguzia mfamasia heshima, maana yeye ndiye aliyejua kupima, kusaga na kuchanganya.

Viwanda ndivyo vilivyomnyang'anya nafasi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa zilikuja tayari kwenye chupa: viuavijasumu, kotizoni, dawa za magonjwa ya akili. Mwaka 1951 Bunge la Marekani likatenga dawa zisizouzwa bila cheti cha daktari, na uamuzi wote ukabaki kwa aliyeandika cheti. Ustadi wa kuchanganya ukawa hauna kazi, na hakuna ustadi mwingine aliopewa mfamasia badala yake.

Wakati huohuo dawa zilikuwa zinazidi kuwa kali. Kidonge kinachookoa maisha huweza kuyatoa kikizidi kipimo, kikikutana na dawa nyingine, au kikimfikia mgonjwa ambaye figo zake hazina nguvu ya kukitoa mwilini. Katika hospitali nyingi dawa ziliwekwa kwa wingi kwenye makabati ya wodini, na muuguzi ndiye aliyezitoa na kuzipima huku akiwa na kazi nyingine kumi. Mwaka 1962 watafiti Kenneth Barker na Warren McConnell walifanya jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria. Waliwatazama wauguzi wakitoa dawa, kisha wakalinganisha waliyoyaona na yaliyoandikwa kwenye taarifa za makosa. Waligundua kuwa makosa yalikuwa mengi mno kuliko yaliyoripotiwa. Sehemu kubwa ilipita bila hata aliyeyafanya kujua.

Huo ndio mwaka ambao dunia ilikuwa bado inahesabu watoto waliozaliwa na viungo pungufu kwa sababu ya thalidomidi waliyomeza mama zao. Swali la nani anayeilinda njia ya dawa, tangu inapoandikwa hadi inapomfikia mgonjwa, halikuweza kukwepwa tena.

Jibu lililobadili taaluma lilitoka San Francisco. Septemba 1966, katika Hospitali ya Moffitt ya Chuo Kikuu cha California, ilifunguliwa famasia ndogo kwenye ghorofa ya tisa, katikati ya wodi za wagonjwa wa upasuaji. Walioanzisha mradi huo walikuwa na wazo rahisi: mfamasia awe karibu na kitanda, aone faili, aone mgonjwa, na daktari ampate papo hapo bila kupiga simu chini.

Mwanzoni kazi ilikuwa kuandaa dozi na dripu. Baada ya muda mambo yakapanuka. Wafamasia walianza kumuuliza mgonjwa anayelazwa ametumia dawa gani nyumbani na ipi iliwahi kumdhuru. Walipitia orodha ya dawa wakitafuta zinazogombana, wakaangalia vipimo vya maabara kabla ya kukubali kipimo cha dozi, na wakajibu maswali ya madaktari vijana waliokuwa wakiandika dawa ambazo hazikuwepo walipokuwa shuleni. Wanafunzi wa famasia nao walipandishwa wodini, wakajifunzia kwa wagonjwa halisi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama famasia ya kliniki.

Mwaka 1969 Chama cha Wafamasia cha Marekani kiliandika upya kanuni zake, na katazo la kuzungumza na mgonjwa likaondoka. Jere Goyan, aliyekuwa mkuu wa shule ya famasia ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco kuanzia 1967, aliteuliwa mwaka 1979 kuongoza mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, akiwa mfamasia wa kwanza kushika kiti hicho. Uingereza nayo ilikuwa na mkondo wake. Huko wafamasia walianza kupita wodini wakikagua chati za dawa katika miaka ya 1960, na mwaka 2006 waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika dawa wenyewe.

Ilibaki kutamka wajibu wenyewe. Mwaka 1990 Charles Hepler na Linda Strand waliandika kwamba kazi ya mfamasia haiishii kwenye kukabidhi dawa sahihi. Anawajibika pia kwa matokeo: je, mgonjwa amepona, amepata nafuu, au ameumizwa na tiba?

Ushahidi wa namba ulikuja mwaka 1999 kutoka Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston. Watafiti wakiongozwa na Lucian Leape walimweka mfamasia kwenye raundi za asubuhi za chumba cha wagonjwa mahututi. Madhara ya dawa yaliyotokana na makosa ya uandishi wa dawa, ambayo yangeweza kuzuilika, yalipungua kwa asilimia 66. Mfamasia alitoa mapendekezo 366, na madaktari wakakubali 362. Hofu ya zamani kwamba madaktari wasingekubali kusahihishwa ilikosa ushahidi.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Mafunzo ya shahada ya famasia yalianza Nairobi na Muhimbili mwaka 1974, ila kwa miaka mingi mhitimu aliishia stoo, kiwandani, dukani au kwenye dirisha la dawa. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa walishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuwaingiza wafamasia wodini, na baadaye kuanzisha kliniki inayosimamiwa na wafamasia kwa wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo zikipungua, damu huganda. Zikizidi, mgonjwa hutokwa damu. Ni kazi ya kupima na kurekebisha kila mara, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni haipatii muda.

Tunaihitaji kazi hiyo kuliko walivyoihitaji San Francisco mwaka 1966. Mgonjwa wetu wa leo anaweza kuwa anatumia dawa za VVU, za kifua kikuu, za kisukari na za presha kwa pamoja, na juu yake dawa za miti shamba ambazo hakumwambia mtu. Viuavijasumu vinazidi kushindwa na vijidudu sugu kwa sababu ya kutumiwa ovyo. Hospitali inayomfungia mfamasia dirishani inalipa mshahara wa mtaalamu na kupokea kazi ya karani.

Wenye kupanga bajeti za afya wawapandishe wafamasia wodini. Nasi tunaofika dirishani tusiondoke na mfuko tu. Tumweleze mfamasia kila dawa tunayokunywa, ya miti shamba na ya dukani, kisha tumuulize: dawa hii inatibu nini, niinyweje, na dalili gani inirudishe hospitali haraka? Siku hizi hakuna kanuni inayomzuia kutujibu.