PyQt: Daraja la lugha mbili za kompyuta

MTUMIAJI wa kompyuta anapobonyeza kitufe na dirisha likafunguka, aghalabu hajui kwamba amri yake huenda imepitia lugha mbili. Mfano mmojawapo ni PyQt, daraja linaloiunganisha lugha ya Python na Qt, maktaba ya madirisha, menyu na vitufe iliyoandikwa kwa lugha ya C++.

Qt ilibuniwa nchini Norway na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ikatolewa hadharani mwaka 1995. C++ ina kasi kubwa, lakini ni ngumu, na kila badiliko hulazimu programu igeuzwe upya kuwa lugha ya mashine. Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, huhitaji mistari michache na hujaribiwa papo hapo. Mwaka 1998 Phil Thompson wa Uingereza alitoa PyQt, ili mwandishi wa Python apate madirisha ya Qt bila kuandika C++.

Daraja lenyewe hujengwa kwa chombo kiitwacho SIP. Chombo hicho husoma maelezo ya vipengele vya C++, kisha huzalisha msimbo wa kati unaokipa kila kipengele mwakilishi upande wa Python. Dirisha likifutwa upande wa C++, mwakilishi wake hubaki mtupu, na akipewa kazi, kosa hutokea. Kwa hiyo mtayarishaji, ingawa haandiki C++, hana budi kuzijua kanuni zake.

Suala zito zaidi ni leseni. PyQt hutolewa kwa leseni huria ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu yake autoe pia msimbo, au kwa leseni ya kulipia. Nokia, iliyoinunua kampuni ya Trolltech yenye Qt mwaka 2008, iliilegezea Qt masharti mwaka uliofuata. Daraja lilibaki na masharti yale yale. Mazungumzo na mmiliki wake yaliposhindwa kuzaa mwafaka, Nokia ilitoa daraja lake, PySide, mwaka huo huo wa 2009. Tangu mwaka 2018 hilo ndilo daraja rasmi la Qt.

Calibre, inayopanga vitabu vya kielektroniki, na Anki, inayosaidia kukariri masomo, zimejengwa juu ya PyQt, na msimbo wa zote mbili u wazi. Anayekusudia kuuza programu na kuuficha msimbo wake hana budi kuisoma leseni ya daraja kabla ya kuandika mstari wa kwanza.