Chelezo cha Liuli

Katika ufuo wa Liuli, uliokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa wilaya ya Nyasa, na ambao zama za Wadachi uliitwa Sphinxhaven kwa sababu ya jabali lake linaloshabihi ile sanamu ya Misri, merikebu ya moshi ya Kidachi Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi katika Ziwa Nyasa mwaka 1893, ilikuwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo, tumbo lake li nje ya maji, tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Rhoades wa merikebu ya Kiingereza Gwendolen alipoijia na kuipiga mizinga. Nahodha Berndt wa Wissmann, sahibu wa Rhoades wa siku nyingi, alikuwa hana khabari ya Vita Kuu ya Kwanza hata kidogo. Akachukuliwa mateka, na mitambo ikaharibiwa.

Mwenye kucheza vita vya mezani kwa vijimerikebu vya kuigiza vilivyokalishwa juu ya vitako kama ile ilivyokalishwa juu ya chelezo, kitako kikimvunjikia, hutoboa tundu jembamba, akachomeka kipande cha waya na kutia gundi, naye humaliza kabla ya chakula cha usiku. Lakini Liuli kitako chenyewe, yaani chelezo, ndicho kilichoiponza merikebu, kwani chombo kilichopandishwa chelezoni hakina pa kukimbilia wala hakiwezi kugeuza ubavu.

Mei 1915 Waingereza walirudi, wakaiharibu tena. Hata hivyo baadaye waliitengeneza wao wenyewe, ikarejea ziwani kwa jina la King George.