Chuo cha Elimu ya Biashara, Kampasi ya Mwanza

Chuo cha Elimu ya Biashara, maarufu kama CBE, ni chuo cha umma kilichoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 1965 kwa sheria ya Bunge. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka michache tu kabla ya hapo, na wazalendo waliosomea uhasibu na biashara walikuwa wachache mno.

Kampasi ya Dodoma ilifuata mwaka 1983. Mwanza ilipata yake mwaka 2007, ikawasogezea vijana wa Buzuruga, Nyakato na Kanda ya Ziwa yote masomo ambayo zamani yalidai safari ndefu. Mbeya ilifuata mwaka 2013.

Chuo hutoa astashahada, stashahada na shahada katika uhasibu, usimamizi wa biashara, masoko, na ununuzi na ugavi.

Fani yake ya pekee ni mizani na vipimo, taaluma ya kuhakiki kuwa kilo ni kilo na lita ni lita. Wakulima wanaolalamikia lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, wanaielewa thamani yake bila kuelezwa. Kwa kanda inayouza samaki, dagaa na pamba kwa uzito, kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hadi vijijini, hakuna fani ya biashara inayostahili kupewa uzito zaidi.