Karatasi Iliyojaribiwa Ifakara

Januari 2009, jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali nane za nchi mbalimbali, zikiwemo za Seattle, London na Ifakara, mkoani Morogoro. Haikujaribiwa dawa wala mashine, bali karatasi ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio gani, sindano na vitambaa vimetimia? Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Asili ya orodha hizi hutajwa kuwa ni urubani. Oktoba 1935, huko Ohio, ndege mpya ya Boeing ilianguka kwa sababu kifunga usukani hakikufunguliwa, ingawa rubani alikuwa bingwa. Ndipo marubani wa jeshi wakaanza kuandika hatua zao. Kwa simulizi hiyo, orodha ni dawa ya usahaulifu tu. Nadhani hiyo ni nusu ya habari. Katika chumba cha upasuaji mara nyingi yupo anayekumbuka, ila ni muuguzi, na anayekosea ni bosi. Mwaka 2001, Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins alipoandika hatua tano za kuzuia maambukizi ya mipira inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa, uongozi uliwapa wauguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Hatua zenyewe, kama kunawa mikono, kila daktari alizijua tangu chuoni. Kipya kilikuwa hayo mamlaka.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Utafiti wa 2009 ulilinganisha kabla na baada bila kundi la ulinganisho. Isitoshe, mwaka 2014 watafiti walichunguza hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha ilikuwa ya lazima, wasione upungufu wa maana wa vifo. Hoja hiyo ni nzito, lakini hospitali hizo ndizo zilizojiripoti zenyewe kwamba zinaitumia karibu kila mara, na tiki haioneshi kama kuna aliyesimama kusikiliza. South Carolina, Marekani, ilifuata njia nyingine: hospitali zilijiunga kwa hiari na kufundisha timu zao kwa miaka kadhaa. Katika zile 14 zilizomaliza mpango, vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 3.38 mwaka 2010 hadi 2.84 mwaka 2013. Kwingineko jimboni vilipanda kidogo. Hapo pia waliojiunga huenda walikuwa na ari tangu mwanzo. Lakini ari hiyo, ya mpasuaji kukubali kuulizwa na aliye chini yake, ndiyo amri ya serikali ya Ontario isingeweza kuileta.