Ngumi ya Senti Kumi

Tarehe 20 Desemba 1940, siku tano kabla ya Krismasi, vibanda vya magazeti nchini Marekani vilipokea komiki mpya ya senti kumi. Juu yake imeandikwa Machi 1941. Wachapishaji wa enzi hizo walikuwa na ujanja wao: tarehe ilisukumwa mbele miezi kadhaa ili muuzaji asiiondoe mapema akidhani imepitwa na wakati. Kwenye jalada, jamaa aliyevaa bendera ya Marekani mwili mzima anamtandika Hitler ngumi ya taya. Askari wa Kinazi wanamfyatulia risasi, moja inagonga ngao yake. Ukutani kuna skrini inayoonyesha kiwanda cha silaha cha Marekani kikilipuliwa. Pembeni, ndani ya duara dogo, mtoto aliyefunika macho kwa kinyago anapiga saluti.

Hiyo ndiyo Captain America Comics namba 1. Hebu angalia tarehe tena. Bandari ya Pearl Harbor ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, karibu mwaka mzima baadaye. Serikali ya Marekani haikuwa na vita na Hitler, na wananchi wengi hawakutaka kusikia habari za vita vya Wazungu wa ng'ambo. Huku kwetu, Waitaliano walikuwa wameshatwaa Moyale tangu Julai 1940, na askari wa King's African Rifles walikuwa kaskazini wakingoja amri ya kuingia Somalia. Kwa hivyo ninaposoma vitabu vinavyosema kwamba vita "vilianza" Desemba 1941, huwa nacheka kidogo. Vilianza kwa nani?

Waliochora jalada lile walikuwa na sababu zao. Joe Simon na Jack Kirby walikuwa vijana wa Kiyahudi, wote chini ya miaka thelathini. Kirby, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Jacob Kurtzberg, alikulia Lower East Side ya New York, mtaa wa wahamiaji maskini ambako ngumi ilikuwa lugha ya kawaida. Hawakuhitaji kungoja rais atangaze vita ndipo wamjue adui. Komiki hiyo iliuza karibu nakala milioni moja. Simon alisimulia baadaye kwamba barua na simu za vitisho zilifuata, watu wakaanza kurandaranda nje ya jengo lao, na meya wa New York, Fiorello La Guardia, akawapigia simu mwenyewe kuwaahidi ulinzi. Kwa picha ya senti kumi, bana.

Mimi hukusanya komiki za wakati ule, zile za mwaka 1940 hadi 1945. Nikisema hukusanya, msinifikirie mtu wa mnada. Aprili 2022 nakala moja ya hiyo namba 1, iliyohifadhiwa vizuri ajabu, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.1. Nakala za aina hiyo hupewa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hufungiwa ndani ya ganda gumu la plastiki. Ukitaka kuisoma lazima uvunje ganda, na ukivunja ganda alama inakwenda na maji. Mimi hununua zile zinazokataliwa: zilizokosa jalada la nyuma, zilizokatwa kuponi, zilizoandikwa jina la mtoto kwa penseli. Zingine zote nazitazama kwenye mkusanyiko wa kidijitali, maana komiki kadhaa za kampuni zilizokufa zamani zimepigwa skani na kuwekwa wazi kwa kila mtu.

Kwa nini zile nzima ni adimu, ilhali zilichapishwa kwa mamilioni? Ni vita vyenyewe vilivyozila. Serikali ilihitaji karatasi, na watoto wa Marekani waliambiwa wakusanye magazeti makuukuu, wayafunge kwa kamba na kuyapeleka shuleni ili yasagwe upya. Mtoto mzalendo alimpeleka shujaa wake kwenye mashine ya kusaga. Komiki zenyewe zilikonda: zilianza vita zikiwa na kurasa zaidi ya sitini na kumaliza zikiwa na hamsini na kitu, bei ile ile ya senti kumi. Zilizobaki zinajiua polepole. Kurasa za ndani ni karatasi ya magazeti, iliyotengenezwa kwa mbao zilizopondwa, yenye asidi ndani yake. Kila mwaka inazidi kuwa kahawia hadi inavunjika kama papadi. Jalada ni karatasi tofauti, laini na yenye kung'aa, ndiyo maana mara nyingi picha ya nje bado ina uhai ilhali hadithi ya ndani imeanza kuwa vumbi.

Na kusema kweli, hadithi nyingi za ndani hazitulizii kiu. Jalada lilichorwa kando, mara nyingi na mtu ambaye hakuchora hata ukurasa mmoja wa ndani, na lililoonyeshwa nje si lazima ulikute ukifungua. Kazi yake ilikuwa moja: kumsimamisha mtoto mwenye senti kumi mbele ya kibanda chenye majalada mengine kadha wa kadha yakipiga kelele. Rangi za mashine zilikuwa nne tu, yaani buluu, nyekundu, manjano na nyeusi, na kila kivuli kingine ilibidi kipatikane kwa vidoa vidogo vilivyopangwa karibu karibu. Weka jicho karibu na shavu la shujaa yeyote utaviona.

Bingwa wa kibanda, kwangu mimi, ni Alex Schomburg. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1905, akafika New York akiwa kijana, na wakati wa vita alichorea kampuni ya Timely, ile iliyokuja kuitwa Marvel, majalada mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu hapa. Kirby anakupa ngumi moja. Schomburg anakupa matatu mjini, yote saa ile ile. Human Torch anayeyusha mtutu wa mzinga kwa moto wake, Sub-Mariner anaruka kutoka majini, huku chini kuna handaki lenye kemikali zinazotokota, mateka aliyefungwa kamba, vifaru vinavyopinduka, parachuti, na pembeni kabisa askari mmoja mdogo anayekimbia kwa hofu ambaye hakuna aliyemwomba mchoraji amweke. Kila bolti ya mashine imechorwa. Ukiangalia haraka unaona fujo; ukikaa nalo unagundua kwamba kila mstari unakurudisha katikati, kwa shujaa. Baada ya vita alikuwa pia akitia sahihi Xela, yaani Alex kinyumenyume, kwenye majalada aliyopaka kwa brashi ya hewa. Hayo ni mazuri, lakini yamepoa.

Sasa niseme lile linalofanya marafiki wanaokuja kwangu wanyamaze. Nina nakala ya Marvel Mystery Comics ya mwaka 1944, jalada la Schomburg. Ufundi wake haufichiki. Lakini adui pale ni Mjapani, na Mjapani wake si mtu. Ana ngozi ya manjano kama haradali, meno ya mnyama, kucha. Linganisha na Wajerumani wa majalada hayo hayo: wabaya, ndiyo, mara nyingine vichekesho, lakini wana sura za binadamu. Hitler anapigwa kwa sababu ya aliyoyatenda. Mjapani anapigwa kwa sababu ya uso wake. Schomburg hakuwa peke yake. Jalada la Action Comics namba 58, la Machi 1943, linamwonyesha Superman mwenyewe kwenye mashine ya kuchapa, akitoa mabango yanayowahimiza watu wanunue dhamana za vita ili kuwazaba makofi Wajapani, na jina alilowaitia ni tusi. Picha hizi zilikuwa zikiuzwa wakati Wamarekani wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani wamefungiwa kambini, wengi wao raia kwa kuzaliwa, watoto wakiwemo.

Na sisi watu weusi? Tumo, na afadhali tusingekuwemo. Timely walikuwa na kundi la watoto mashujaa, Young Allies, lililoanza mwaka 1941, na mmoja wao alikuwa mvulana mweusi aitwaye Whitewash, midomo kama ndizi mbili, kazi yake kuogopa na kuchekwa. Kampuni ya Fawcett ilikuwa na mtumishi mweusi aitwaye Steamboat katika hadithi za Captain Marvel. Huyu aliondolewa mwaka 1945, baada ya wanafunzi wa New York kwenda kwa wahariri na kulalamika. Watoto, jamani. Wasomaji wa senti kumi ndio waliowaeleza watu wazima kwamba picha ina madhara.

Rafiki yangu mmoja husema nichome ile ya 1944. Mwingine husema ni historia, niitundike sebuleni. Sikubaliani na wote wawili. Kuichoma ni kuwasaidia waliosema haikuwa hivyo. Kuitundika ni kumtaka kila mgeni, na kila mtoto anayepita kwenda jikoni, ayale matusi yale pamoja na chai. Inakaa kwenye droo, ndani ya bahasha isiyo na asidi, na anayeuliza namwonyesha, tukiwa tumekaa, na jalada la Kirby kando yake. Tofauti kati ya picha hizo mbili haihitaji hotuba yangu.

Kirby mwenyewe hakuishia kwenye karatasi. Yeye na Simon waliiacha Captain America baada ya toleo la kumi, wakilalamikia malipo. Mwaka 1943 akaitwa jeshini, na 1944 alikuwa Ufaransa kama askari wa miguu. Baridi ilimganda miguu vibaya kiasi kwamba alikaribia kukatwa. Aliyemchora mtu akimpiga Hitler bila kuchafua glavu alirudi nyumbani akiwa amejionea vita halisi.

Nakala yangu ya 1944 ina tundu la mstatili kwenye ukurasa wa matangazo, mahali palipokuwa na kuponi. Ilikatwa kwa makasi butu, kingo zimechanikachanika. Upande wa pili wa tundu hilo kulikuwa na picha ya mwisho ya hadithi, ile ya adui kushindwa, na imekwenda na kuponi.