Urithi wa Uhabeshi na Sauti Yake Ulimwenguni

Baada ya hesabu za fedha na habari za watoto waliosaidiwa karo, tumezoea kuweka katika kitabu hiki cha mwaka makala moja ya historia, ili mwanachama asirudi nyumbani na tarakimu tupu. Safari hii tumeichagua Uhabeshi, ambayo leo huitwa Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Jina la nchi hiyo latajwa sana makanisani na barazani, na aghalabu hutajwa kwa kusifiwa tu. Wako wasemao kwamba, kwa kuwa Ukristo wake ni wa kale kuliko wa Waingereza waliotuletea sisi, iko siku itaushika ulimwengu wote mkononi kwa mambo ya imani. Sisi twaiheshimu Uhabeshi sana, lakini twadhani heshima yake si ya kutawala. Ni heshima ya mtu aliyetunza amana wakati wengine walipoipoteza. Na mtunza amana huaminiwa maadamu amana ingali mikononi mwake.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja. Wengi hujenga hoja yao juu ya Zaburi ya 68, ambamo nchi ya Kushi yatajwa, na ambayo watafsiri wa Kiyunani waliiandika kuwa Ethiopia. Lakini Kushi ya kale hasa ilikuwa nchi ya Mto Naili, katika Sudani ya leo. Hata yule towashi wa Matendo ya Mitume, sura ya 8, alikuwa mtumishi wa Kandake, na Kandake lilikuwa jina la cheo katika ufalme wa Meroe. Hatuwanyang'anyi Wahabeshi kitu kwa kusema hivyo. Historia yao wenyewe yawatosha, wala haihitaji kuazima.

Historia hiyo yaanzia Aksum, mji wa wafanyabiashara uliokuwa na bandari yake Adulis katika Bahari ya Shamu. Katika karne ya 4 chombo kimoja kilishambuliwa pwani ile, wakaokoka vijana wawili wa Tiro, Frumentius na Aedesius, wakapelekwa kwa mfalme wakawa watumishi wake. Frumentius alipata kuaminiwa sana nyumbani kwa mfalme. Baadaye alikwenda Aleksandria kumwomba Askofu Athanasio awapelekee Wakristo wa Aksum askofu, na Athanasio hakutafuta mtu mwingine, bali alimweka wakfu yeye mwenyewe. Wahabeshi humwita Abba Salama, yaani Baba wa Amani.

Ushahidi wa mageuzi hayo umo katika fedha. Sarafu za kwanza za Mfalme Ezana zina alama ya mwezi mwandamo na duara. Zile za baadaye zina msalaba. Mfalme hawezi kuibadili fedha yake, ishikwayo na Myunani na Mwarabu sokoni, ila amekusudia ajulikane. Twaomba msomaji aone jambo moja hapa: dini haikuingia Aksum nyuma ya bunduki, wala haikuja na hati ya kutwaa ardhi. Ilipokewa na taifa lililokuwa likijitawala, nalo likaivika nguo zake lenyewe.

Nguo hiyo ilikuwa lugha. Maandiko yalitafsiriwa kwa Kige'ez, na zipo Injili katika nyumba ya watawa ya Abba Garima, karibu na Adwa, ambazo ngozi yake imepimwa na wataalamu ikaonekana kuwa ya kati ya karne ya 4 na ya 7. Ni miongoni mwa Injili za kale kabisa zenye picha zilizobaki duniani. Kitabu cha Henoko, ambacho waraka wa Yuda wakitaja, kilipotea kwa watu wa Ulaya muda wa karne nyingi. Kwa Wahabeshi hakikupotea. Mskoti James Bruce alirudi na nakala zake mwaka 1773, na hata leo hakuna mahali pengine kilipohifadhiwa kizima ila kwa Kige'ez. Vipande vya Kiaramu vilipopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, wataalamu walivisoma huku nakala ya Kihabeshi iko mezani.

Kitabu hakijitunzi. Mwandishi alihitaji ngozi za mbuzi nyingi kwa kitabu kimoja. Aliziloweka, akazikwangua, akazitandaza juani kwa kamba, kisha akapiga mistari na kuandika kwa wino mweusi wa masizi, na majina matakatifu kwa wino mwekundu. Mwanafunzi wa shule ya kanisa naye aliacha kwao akiwa mtoto, akatembea siku nyingi kumfuata mwalimu mwenye sifa, akavaa ngozi ya kondoo, akaomba chakula mlango hata mlango huku mbwa wakimbwekea. Alijifunza kwanza kusoma herufi, kisha nyimbo, ambazo mwanzo wake hutajwa kuwa kwa Yared mtakatifu wa karne ya 6, kisha mashairi ya mafumbo yaitwayo qene, kisha maelezo ya vitabu. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na mwenye kuimaliza hakupewa gari wala nyumba. Sisi ambao kila Januari huhangaikia karo twapaswa kukumbuka kwamba watu hao masikini ndio waliobeba elimu ya taifa zima, wakati wafalme walipokuwa wakipigana.

Utunzaji huo ulikuwa na dosari zake, na moja ni kubwa. Kwa muda wa miaka kama 1600 Kanisa la Uhabeshi halikuwa na askofu mkuu mzaliwa wa nchi. Kila askofu alipokufa, wajumbe walikwenda Misri na zawadi kumwomba Patriaki wa Wakopti awapelekee mwingine, na mara kwa mara walikawia miaka, hata ikakosekana mikono ya kuwabariki makasisi wapya. Sababu iliyotolewa ni kanuni iliyodaiwa kuwa ya mkutano wa Nikea, lakini wataalamu wameonyesha kwamba haikutungwa huko. Taifa lililojua kusema la kwa mataifa yenye nguvu lilikubali utii huo hata mwaka 1951, Basilios alipowekwa kuwa askofu mkuu wa kwanza Mhabeshi. Akawa Patriaki mwaka 1959. Wale Waafrika wa hapa Kenya waliohesabu miaka mpaka waone askofu wao wa kwanza wataelewa uzito wa neno hili.

Wala si Wakristo tu walionufaika na Aksum. Yapata mwaka 615 wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad, walipoteswa Makka, walikimbilia huko, na mfalme ambaye Waislamu humwita Najashi akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Ndugu zetu wa pwani waijua habari hiyo tangu chuoni. Baadaye vilikuja vita vikali, hasa vya Imamu Ahmad Gragn vya miaka ya 1529 hata 1543, ambavyo makanisa mengi na vitabu vyake viliteketea. Hata hivyo tendo la Najashi halikufutika.

Juu ya sauti ya Uhabeshi ulimwenguni, wengine husema kana kwamba ni jambo la kesho. Sisi twaona kwamba ilianza zamani. Zaburi za Kige'ez zilipigwa chapa Roma mwaka 1513, miaka 13 kabla ya Agano Jipya la Kiingereza la Tyndale. Mwaka 1534 shemasi Mhabeshi aitwaye Michael alikaa na Martin Luther huko Wittenberg, wakazungumza habari za imani, na Luther alifurahi kuona kanisa la kale lisilo chini ya Papa. Wajesuiti walipomvuta Mfalme Susenyos kwa Roma mwaka 1622, nchi ilimwaga damu mpaka akakiacha kiti mwaka 1632, na mwanawe Fasilides akairudisha imani ya baba zao.

Kwa Waafrika sauti hiyo ilikuwa na maana nyingine. Mwaka 1892, huko Pretoria, Mangena Mokone alitoka katika kanisa la Wamethodisti kwa sababu ya ubaguzi, akaliita kanisa lake la Ethiopia. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Machi 1896, Menelik na Malkia Taytu waliwashinda Waitaliano Adwa, na jina lile likapata mgongo. Waitaliano waliporudi mwaka 1935, Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama cha marafiki wa Uhabeshi kilichoundwa London. Wakimbizi wa Kihabeshi waliwekwa kambini Isiolo na Taveta. Mwaka 1941 askari wa Keya, wana wa nchi hizi, walivuka mpaka pamoja na wenzao wa Afrika ya Magharibi na ya Kusini, na Addis Ababa ikaokolewa tarehe 6 Aprili. Wazee waliokuwa katika msafara ule hawakupewa mashamba kama askari wa Kizungu, lakini walirudi wameiona kwa macho nchi ya Mwafrika yenye mfalme wake, kanisa lake na herufi zake. Jambo hilo halikuandikwa katika vitabu vyao vya mishahara, nasi twadhani lilikuwa na thamani kubwa kuliko mishahara yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, watu wa Jamaika wa madhehebu ya Rastafari walimwona Kaisari Haile Selassie kuwa ni Mungu, jambo ambalo Kanisa lake halilifundishi. Aliwazuru Aprili 1966, na mwaka 1970 Kanisa la Kihabeshi lilianza kazi kisiwani kwao. Kwa njia hiyo nyimbo zao zimelipeleka jina la Uhabeshi hata kwa vijana wa Japani na Brazili. Ni njia ambayo hakuna askofu aliyeipanga.

Walioweka tumaini lao katika kiti cha enzi walipata jibu mwaka 1974. Kaisari aliondolewa, ufalme ukafutwa mwaka uliofuata, Kanisa likanyang'anywa ardhi yake, na Patriaki Tewoflos akafungwa, kisha akauawa mwaka 1979. Kiti kilianguka, lakini sala za alfajiri hazikukoma. Leo Waorthodoksi wa Uhabeshi wakadiriwa kuwa milioni 36 hivi, na kati ya mataifa ya Kiorthodoksi ni Urusi peke yake inayowazidi. Wahamiaji wao wamejenga makanisa Washington, London na hapa Nairobi. Kama Uhabeshi itaupa ulimwengu kitu katika karne hii, twadhani kitapitia watu hao, ambao watoto wao wasoma Kiingereza shuleni na kusimama saa tatu kanisani wakisikia Kige'ez. Yategemea kama mapadri wao watakubali kuwafasiria. Lugha iliyokuwa daraja katika karne ya 4 yaweza kuwa ukuta katika karne ya 21, na hofu hiyo twaisikia kwa wazazi wa Kihabeshi wenyewe.

Hofu ya pili ni mbaya zaidi. Vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020 vilipiganwa katika nchi ile ile ya Aksum na Adwa, Mkristo akimwua Mkristo wa ubatizo mmoja. Msikiti wa Negash, unaolikumbuka jina la Najashi na wageni wake, ulipigwa kwa mizinga. Vitabu vya ngozi viliibwa. Maaskofu wa Tigray walijitenga na Sinodi ya Addis Ababa, na mwaka 2023 ukatokea mfarakano mwingine kwa ajili ya maaskofu wa Oromia. Mapatano yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, naye Uhuru Kenyatta akiwa miongoni mwa wasuluhishi, na siku chache baadaye majemadari wa pande mbili walikutana Nairobi kukubaliana namna ya kuweka silaha chini. Basi mji huu, uliowapeleka askari mwaka 1941, uliwapokea wapatanishwa miaka 81 baadaye. Mdomo wa taifa hauwezi kuwafundisha wageni amani huku mikono yake imelowa damu ya ndugu, na hilo wakuu wa Kanisa hawana budi kulitengeneza wao, kabla ya safari yo yote ya ng'ambo.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo Uhabeshi yaufundisha ulimwengu sasa hivi, nalo ni kudai kilicho chake bila kuchoka. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza liliivunja ngome ya Mfalme Tewodros huko Maqdala, likachukua hazina iliyobebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200, na vitabu vya mkono kama 350 vikafika jumba la makumbusho la London. Mfalme Yohannes wa Nne aliomba, akarudishiwa kitabu kimoja mwaka 1872. Mnara wa Aksum uliochukuliwa na Waitaliano mwaka 1937, wenye urefu wa mita 24, ulirudi mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Miongoni mwa vitu vya Maqdala vimo vibao viitwavyo tabot, ambavyo bila hivyo kanisa la Kihabeshi haliwezi kuwa kanisa, na ambavyo kasisi peke yake aruhusiwa kuviona. Jumba la London lina vibao 11. Limeviweka katika chumba kilichofungwa, hata wafanyakazi wake hawavitazami. Kimoja kingine kilikuwa Edinburgh, katika kabati la kanisa, ambako kasisi wa Kiskoti alikikuta akakitambua. Waumini wake walikubali kirudishwe, na kiliposhuka Addis Ababa mwaka 2002, watu maelfu walikuwa wamejipanga njiani kukilaki.